Wiki ya Masika: Kuufuata Utabiri wa Mvua Kubwa kutoka Deep Sea hadi Amani

Jumapili, Tanga mjini

Angalizo limetoka leo mchana. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imeipaka rangi ya njano mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, kuanzia Jumanne usiku. Maneno ni yale yale tuliyoyazoea kila masika: mvua kubwa katika baadhi ya maeneo, uwezekano wa kutokea ni wastani, kiwango cha athari zinazoweza kutokea ni wastani.

Nilikuwa nalisubiri. Tangu Ijumaa ramani za modeli, yaani hesabu za kompyuta za hali ya hewa ijayo, ninazozifungua kwenye simu zilianza kukubaliana: unyevu mwingi unasukumwa kutoka Bahari ya Hindi, kusi, upepo wa kusini, limeanza kushika, na huko juu hakuna tabaka la hewa kavu la kuyazuia mawingu yasipande. Begi liko tayari. Mna koti la mvua, betri ya akiba ya simu, daftari, na vipimamvua vya plastiki nitakavyogawa njiani.

Nataka kuufuata utabiri huu mmoja mpaka mwisho wake. Niuone unavyowafikia wavuvi, unavyofika mlangoni mwa Mto Pangani, unavyopanda milima ya Usambara hadi Amani, kisha niipime mvua yenyewe kila ninapolala. Uani kwangu Makorora nimepima mvua miaka mingi, lakini ua mmoja hausemi habari za mkoa mzima. Mkoa wa Tanga una bahari upande mmoja na milima upande mwingine, na mvua inayoizamisha Pangani inaweza isiguse hata jani Handeni.

Kwa asiyezoea rangi hizi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Nazo hazipimi wingi wa mvua peke yake. Zinachanganya mambo mawili, jambo lenyewe lina uwezekano gani wa kutokea na likitokea litaumiza kiasi gani. Ndiyo maana mvua ya kiasi kile kile inaweza kupewa rangi nyingine wiki ambayo ardhi imeshalowa na mito imeshajaa. Mvua inaitwa kubwa ikizidi milimita 50 kwa saa 24. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo bati la nyumba lenye mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 50 limeshusha lita 3,000. Hayo ni maji ya paa moja. Mtaa mzima una mapaa mangapi, na mfereji wake una upana gani? Hesabu hiyo natamani ifanywe kila mtaa kabla ya Machi.

Jumatatu, Deep Sea na Raskazone

Soko la samaki la Deep Sea huamka mapema. Nilipofika mnada ulikuwa umepamba moto, ndoo za dagaa zikipita juu ya vichwa vya watu. Nilimtafuta mzee mmoja, nahodha wa mashua, ambaye vijana wengi hapa huangalia yeye ameamua nini ndipo nao waamue.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mvua yako?"

Alikuwa na taarifa tayari. Kijana wake alimsomea jana usiku kutoka kwenye simu. Aliniuliza swali ambalo nimelibeba wiki nzima: "Wanasema uwezekano wa wastani. Mimi nina mashua moja na watu sita. Wastani nitaufanyia nini? Niende au nisiende?"

Nilimweleza jinsi neno hilo linavyopatikana. Kompyuta hupewa hali ya hewa ya sasa hivi, joto, upepo, unyevu, mgandamizo wa hewa, kisha huiendesha mbele. Lakini hakuna anayeijua hali ya sasa kwa ukamilifu, hasa juu ya bahari ambako vituo vya kupimia ni vichache sana. Kwa hiyo hesabu hurudiwa mara nyingi, kila mara mwanzo ukibadilishwa kidogo. Majibu mengi yakileta mvua kubwa Tanga, uwezekano ni mkubwa. Yakigawanyika, ni wastani. Mtabiri anaposema wastani hajajificha popote, amekwambia ukweli wa hesabu zake.

Tatizo liko kwenye ukubwa wa wingu. Wingu moja la radi huwa na upana wa kilomita chache, likazaliwa, likakomaa na kufa ndani ya saa moja au pungufu. Modeli bora za dunia nzima hugawa uso wa dunia kwa vipande vya kilomita 9 hivi. Wingu zima linaweza kuingia ndani ya kipande kimoja na modeli isilione kama lilivyo. Inachoweza kusema siku tatu kabla ni kwamba hali ya kuzaa mawingu ya namna hiyo itakuwepo kati ya Saadani na Mkinga. Kwamba litakuwa juu ya Kigombe saa 11 alfajiri, hilo halijulikani Jumatatu. Litajulikana saa moja au mbili kabla, kwa setilaiti, rada na macho.

Nahodha alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mimi nakwambia saa. Radi ya bahari hii ni ya alfajiri. Wakati tunarudi."

Na ndivyo ilivyo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari, hewa iliyopoa huteremka kuelekea majini, na huko nje, kwenye mkondo kati yetu na Pemba, inakutana na upepo wenye unyevu unaotoka baharini. Hewa mbili zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu pwani hupata mvua nyingi za usiku wa manane na asubuhi, ilhali Korogwe na Handeni, ambako jua huchemsha ardhi, husubiri alasiri. Mzee huyu hajawahi kuona ramani ya upepo. Anahesabu miongo tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, siku kumi kumi, anavyohesabu tangu utoto, na anajua kuwa kwenye miongo hii ya sasa lazima aitazame mashariki kabla ya kunyanyua nanga.

Kijana mmoja aliyekuwa anashona jarife akaingilia. Mwaka 2021, akasema, tuliambiwa kimbunga Jobo kinakuja, tukavuta vyombo juu, tukakosa riziki, na Jobo mwenyewe hakufika. Ni kweli Jobo alidhoofika kabla ya kugusa pwani, Aprili mwaka ule. Lakini Mei 2024 Hidaya alifika hadi Mafia. Mwaka 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Na tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar kikang'oa mikarafuu, kikavunja merikebu za Sultani Barghash bandarini, na ng'ambo huku Bagamoyo kikabomoa misheni iliyokuwa na miaka minne tu. Tuko karibu na ikweta, na Madagaska hutukinga kwa sehemu, kwa hiyo vimbunga ni adimu. Adimu maana yake vinakuja. Kijana hakunijibu, ila aliacha kushona.

Nilimwomba nahodha asiangalie mvua peke yake. Kinachozamisha ngalawa ni upepo unaotangulia. Wingu la radi likishapevuka, hewa baridi huporomoka ndani yake pamoja na mvua, ikafika chini na kutawanyika pande zote, kilomita kadhaa mbele ya tone la kwanza. Tahadhari za baharini hutolewa upepo unapotarajiwa kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, lakini pigo la wingu moja linaweza kupita kiwango hicho kwa dakika kumi tu, likatulia. Dalili yake ni upepo kugeuka ghafla na kuwa wa baridi. "Hiyo naijua," akasema. "Mgongo unasisimka. Ukishasikia hivyo tanga lishuke, mjadala baadaye."

Uamuzi wake: leo na kesho atavua ndani, asivuke kisiwa cha Ulenge.

Jioni nilikwenda Raskazone kutazama upeo. Mbali kusini-mashariki kulikuwa na wingu moja lililokwisha kufika mwisho wa kupanda, kichwa chake kimetandazika kama fuawe la mhunzi. Kichwa hutandazika hivyo kwa sababu wingu limegonga tabaka la juu ambalo haliwezi kulipenya, kwetu ukanda wa joto ni kilomita 15 au 16 kwenda juu. Nililitazama mpaka giza likaingia. Ngurumo sikuzisikia, lilikuwa mbali mno.

Jumanne, njia ya Pangani

Kosta ilijaa, tukaondoka saa 4. Tongoni, Kigombe, minazi na mashamba ya mkonge. Jua kali, hewa nzito, mashati yamegandamana migongoni. Watu ndani ya gari walikuwa wanasema mvua hakuna, wamekosea tena. Angalizo lilisema kuanzia usiku.

Kigombe niliteremka kwa sababu nilitaka kuuona mnazi niliokuwa nimesimuliwa. Radi iliupiga mwezi uliopita. Kutoka kileleni hadi karibu na shina kuna mfuo uliochanika, upana wa vidole vitatu, kingo zake zimekauka na kuwa nyeusi. Makuti yote yameanguka isipokuwa moja linaloning'inia. Umajimaji wa ndani ya mti ulichemka mara moja ukawa mvuke, na mvuke ule ndio uliopasua gome. Hatua chache kutoka pale pana kibanda cha kukaushia dagaa ambacho mvua ikinyesha watu hukimbilia chini yake. Kibanda hakina ukuta. Paa la makuti juu ya nguzo halimkingi mtu na radi.

Mwenye kibanda, mama wa makamo, aliniambia kwao wakisikia ngurumo hufunika vioo na kuvua nguo nyekundu. Sikumbishia. Nilimwomba aongeze jambo moja. Akiona mwanga ahesabu mpaka asikie mlio. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Asipofika thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi, na wingu lililoko umbali huo linaweza kupiga hapa alipo. Watoto watoke ufukweni na wasibaki chini ya minazi, waingie nyumba yenye kuta au gari lenye bati, na wakae humo nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Alirudia hesabu pamoja na binti yake mara mbili, kwa sauti.

Niliwaachia kipimamvua cha kwanza. Tulikichomeka kwenye kigingi mbali na mti na paa, kwa sababu mti huiba matone na paa huongeza.

Pangani nilifika alasiri. Mto umejaa, maji ni ya tope na yanabeba magugu na vipande vya miti. Kivuko cha Bweni kilikuwa kinavusha kwa shida kidogo, nahodha wake akipandisha pua juu ya mkondo kabla ya kuachia.

Na mwezi ni mpevu. Hapo ndipo moyo uliposhtuka. Mwezi mpevu ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na bamvua kwetu maji hujaa karibu saa 10, alasiri na alfajiri. Alfajiri hiyo hiyo nahodha aliyoitaja.

Jumatano, Pangani

Nililala na simu mkononi. Picha za setilaiti ya Meteosat inayotazama upande huu wa Bahari ya Hindi huja kila robo saa, na wakati wa usiku unachokiona ni joto la vilele vya mawingu. Kadiri kilele kilivyo baridi, ndivyo wingu lilivyo refu. Saa 7 usiku kulikuwa na vidoa viwili tu kusini mwa Pemba. Saa 8 na nusu vilikuwa vimeungana, kilele kimeshuka chini ya nyuzi 70 za baridi. Saa 9 wingu zima lilikuwa linasogea magharibi, kuja kwetu.

Rada ingenisaidia zaidi, maana rada huona matone yenyewe. Lakini rada ya Dar es Salaam iko mbali. Mwali wake hutoka umeinuliwa kidogo, na dunia nayo hujipinda chini yake, kwa hiyo ukiinuliwa nusu digrii unapita kilomita 3 hivi juu ya Pangani, na kilomita 4 juu ya Tanga mjini. Bagamoyo unapita chini ya kilomita moja. Wenzetu wa Bagamoyo wanaonekana vizuri. Sisi tunaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, na mvua inayonyesha kutoka sehemu ya chini ya wingu inaweza kupita bila kuonekana. Natamani sana siku moja kaskazini ya pwani nayo ipate rada yake.

Saa 9 na dakika 50 upepo uligeuka. Ulikuwa unatoka bara, dhaifu, mara ukaja kutoka baharini kwa nguvu, wa baridi, ukafungua dirisha. Mwenye nyumba alikuwa ameshaamka, akakimbilia kuanua. Dakika saba baadaye mvua ikapiga bati na hatukusikilizana tena. Radi zilifuatana mpaka chumba kikawa cheupe. Niliacha kuhesabu sekunde kwa sababu mwanga na mlio vilikuja pamoja.

Ilinyesha saa moja na robo hivi kwa nguvu zile, kisha ikawa mvua ya kawaida mpaka kulipopambazuka. Saa 3 asubuhi, ambayo ndiyo saa ya kusoma vipimamvua nchi nzima, changu kilikuwa na milimita 71.

Mji wa chini, karibu na mto, maji yaliingia nyumba kadhaa. Nilipofika bado yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, yanaondoka polepole pamoja na maji kupwa. Milimita 71 zikianguka wakati maji ya bahari yametoka, mifereji ingezimeza. Zilianguka saa ambayo bahari imejaa hadi mdomoni mwa mifereji na mto umevimba kwa maji ya huko juu. Mto Pangani hubeba maji ya Kilimanjaro, Meru, Pare na Usambara. Bwawa la Nyumba ya Mungu huzuia sehemu yake, lakini chini ya bwawa kuna mito mingi isiyozuiwa. Maji haya ya leo yangeweza kutokana na mvua iliyonyesha mbali siku kadhaa zilizopita, Pangani kukiwa na jua.

Mama mmoja anayepika chapati karibu na soko alikuwa anatoa tope kwa jembe. Magunia yake ya unga yalikuwa salama juu ya meza. Taarifa aliipata Jumapili kwenye kundi la simu la wafanyabiashara.

"Niliyapandisha basi tu, kwa wasiwasi," akaniambia. "Lakini kaka yangu, wanasema mkoa wa Tanga. Mkoa wa Tanga si mpaka Lushoto? Si mpaka Kilindi? Jirani yangu kasema hiyo ni ya huko Lushoto, kalala. Friji lake ndilo lile pale."

Friji lilikuwa limelala ubavu mlangoni.

Hili ndilo ninaloliona baada ya kutafuta miaka yote. Utabiri wa siku tatu ulikuwa sahihi, rangi ilikuwa sahihi, hata usiku wenyewe ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni saa nne za mwisho: mtu wa kusema sasa ni hapa, ni leo alfajiri, na maji yanajaa saa 10. Taarifa ya bahari kujaa iko kwenye jedwali la kila mwaka. Taarifa ya mvua iko kwenye angalizo. Mtu wa kuziweka pamoja kwa ajili ya mtaa wa chini wa Pangani hayupo, na hilo halihitaji setilaiti mpya. Linahitaji mtu wa mtaa huo, jedwali ukutani, na kipaza sauti cha msikiti.

Nilimwachia yule mama kipimamvua cha pili. Tulikifunga juu ya nguzo uani kwake, nikamwonyesha kusoma macho yakiwa sawa na maji, asiangalie kwa juu wala kwa chini. Akaandika 71 ubaoni, pale anapoandika bei ya chapati.

Alhamisi, barabarani

Nilikusudia kukata kwa njia ya Boza hadi Muheza. Dereva wa bodaboda aliitazama barabara, akanitazama mimi, akasema hapana. Nikarudi Tanga kwa kosta, nikapanda gari la Muheza. Mchana kutwa mawingu mazito, manyunyu.

Saa 9 alasiri taarifa mpya ikatoka. Tanga na Pemba zimepandishwa kutoka njano hadi chungwa kwa usiku wa leo na kesho. Nilishukuru kuiona, kwa sababu mtabiri aliyeongeza rangi amehesabu kwamba ardhi sasa imeshiba.

Muheza nililala. Machungwa sokoni yamebaki machache.

Ijumaa, Amani

Kutoka Bombani barabara inaanza kupanda, na baada ya Kisiwani misitu inafunga pande zote. Hapo unaingia ndani ya wingu. Hesabu yake ni rahisi: hewa ya pwani ikiwa na nyuzi 28 na unyevu wake ukiwa wa kugeuka maji kwenye nyuzi 25, pengo hilo la nyuzi 3 hupungua kwa nyuzi moja kila mita 125 za kupanda, kwa hiyo inahitaji mita 375 tu ili ianze kuwa wingu. Amani iko karibu mita 900. Hewa ile ile iliyopita juu ya Deep Sea bila kutoa tone inagonga Usambara Mashariki, inalazimika kupanda, na inaachia maji yake hapa. Ndiyo maana Amani hupata mvua nyingi kuliko Tanga mjini mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902 walikiweka hapa.

Kwenye picha ya setilaiti asubuhi hii mlima ulionekana na mawingu ya kawaida, vilele visivyo baridi sana. Mtu akiitazama picha hiyo tu atasema mvua ni ndogo. Huku chini ilikuwa inamwagika. Mvua nyingi ya mlimani hutoka kwenye mawingu mafupi yanayolishwa mfululizo na upepo wa bahari. Hayana radi, hayana urefu, lakini hayachoki. Setilaiti inayopima ubaridi wa kilele huipunja mvua ya namna hii, na hilo kila mtu anayetegemea picha za simu analazimika kulijua. Kipimamvua hakina mpinzani hapa.

Nilifikia kwa mzee mstaafu ambaye hupima mvua uani kwake, kati ya iliki na mdalasini. Daftari lake ni la shule, jalada limefungwa kwa mfuko wa nailoni, karatasi zimevimba kwa unyevu. Kila ukurasa ni mwezi. Tarehe kushoto, milimita kulia, na pembeni maneno mafupi: ukungu, radi magharibi, upepo wa kusi, Zigi umejaa. Siku isiyo na mvua ameandika sifuri. Hajaacha nafasi wazi hata moja, kwa maana nafasi wazi haisemi kama mvua haikunyesha au mtu hakupima.

Saa 3 tulisoma pamoja. Milimita 94.

"Hii nilishaijua tangu saa 11," akasema. Ana kawaida ya kutoka na tochi kabla ya Alfajiri siku za masika na kuchungulia bila kumwaga. Ikipita 60 humpigia mpwa wake anayelima bondeni, kando ya Mto Zigi. Leo alimpigia saa 11 na dakika kumi. Mpwa akatoa pampu ya kumwagilia na mbuzi, akawagongea majirani watatu, naye kila jirani ana wa kumgongea.

Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Mto wenyewe. Mvua ikinyesha hapa, chini wana muda wa kutosha kuhamisha mali, hawana muda wa kubishana."

Tulishinda tukinakili daftari lake kwa picha za simu, ukurasa kwa ukurasa, ili likilowa lisipotee lote. Mvua haikukatika mpaka jioni.

Jumamosi, kushuka hadi Tanga

Zigi ulikuwa unanguruma chini ya daraja, wa rangi ya chai ya maziwa. Nilipita kwa yule mpwa. Maji yalifika mahali pampu ilipokuwa, yakaacha mstari wa majani makavu kwenye ua wa miti, kimo cha goti langu. Pampu iko jikoni kwake imefunikwa gunia. Mahindi ya ukingoni yamelala.

Maji haya yanaelekea bwawa la Mabayani, ambako Tanga mjini hupata maji ya bomba, na yanafika yakiwa na tope.

Saa 8 mchana tahadhari imeondolewa. Deep Sea nahodha amevuta mashua mchangani, anapiga kalafati. Usiku wa kuamkia Jumatano aliona ukuta wa mvua ukipita nje ya Ulenge, upepo ukamfikia, akashusha tanga. Anasema wiki ijayo ataanza kunitumia ujumbe akiona mawingu yanajenga upande wa Pemba, mimi nimtafsirie picha za setilaiti. Kijana wa Jobo naye ametoa namba yake.

Vipimamvua vimeniishia, lakini wanaotaka hawajaisha, kwa hiyo nawaeleza hivi: chombo chochote chenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako upana mmoja, ukikiweka wazi na kupima kina cha maji kwa rula asubuhi, milimita za rula ndizo milimita za mvua. Kopo la maziwa linatosha. Chupa iliyokatwa inatosha ikiwa haijabanwa katikati na kitako chake kimesawazishwa kwa saruji kidogo. Lisikae chini ya mti, na lisomwe saa 3 kila siku.

Jioni hii yamekuja majibu. Kigombe: 18. Amani: 33, ukungu. Na kutoka Pangani, mama wa chapati ameandika: "Kwangu 12 leo. Mto bado mkubwa na bamvua haijaisha. Huko Hale wamepata ngapi?"

Hale, huko juu ya Mto Pangani, sina mtu bado. Keshokutwa napanda basi la Korogwe.